Msaada: PHP 7.4 na 8.2 kwenye mashine moja, terminali inasema hili, brauza inasema lile

Dogo_Buswelu (Jumatatu, saa 4:20 usiku)

Mwangaluka wakuu. Naombeni msaada, nimekwama.

Ofisini kwa mjomba, Mwaloni Kirumba, kuna kompyuta ya mezani yenye Ubuntu 22.04 na RAM 4GB. Hiyo ndiyo seva ya ofisi nzima. Ndani yake kuna mfumo wa zamani wa mzani: karani anaingiza kilo za dagaa na kayabo, jina la mteja, alicholipa na anachodaiwa, risiti inatoka. Aliyeuandika alishahama mji na namba yake haipatikani. Ni PHP tupu (lugha ya kuandikia mifumo ya tovuti), haina fremuwaki yoyote (kiunzi cha kujengea mfumo), na inatembea kwenye PHP 7.4. Mjomba hataki kusikia habari ya kuugusa.

Sasa ameniomba nimtengenezee mfumo wa ghala: magunia mangapi yameingia, yapi yametoka, yamekwenda wapi, nani kapakia. Nimeanza na Laravel 11, fremuwaki ya PHP ambayo haikubali PHP ya chini ya 8.2. Nikaweka 8.2 pembeni ya 7.4 kutoka ile hazina ya vifurushi vya PHP ya ondrej, halafu:

    sudo update-alternatives --config php

Nikachagua 8.2. Nikiandika `php -v` inasema 8.2. Safi. Nikaenda kwenye brauza:

    Your Composer dependencies require a PHP version ">= 8.2.0". You are running 7.4.33.

Terminali inasema 8.2, brauza inasema 7.4, na mashine ni hiyo hiyo moja! Nimewasha upya Apache (programu inayotuma kurasa kwa brauza), nimezima kompyuta yote nikaiwasha, wapi.

Nikaambiwa na jamaa nifanye `a2dismod php7.4` halafu `a2enmod php8.2`, yaani nizime moduli moja ya Apache niwashe nyingine. Kweli ghala likafunguka, ila mzani ukafa hapo hapo: *Call to undefined function each()*. Kwa hiyo sasa hivi naishi hivi: jioni karani akitoka nabadilisha kwenda 8.2 nifanye kazi yangu, nikiondoka naregesha 7.4. Umeme ukikatika kabla sijaregesha, asubuhi mashine inaamka na 8.2. Karani anafika saa kumi na mbili, mimi niko Buswelu nasubiri daladala, simu inaanza kuita, wateja wamejaa mlangoni na madebe yao.

Kuna namna ya kubadilisha haraka zaidi? Hata skripti ya kubonyeza mara moja itanitosha. Natanguliza shukrani.

---

Mzee_Pasiansi (Jumatatu, saa 4:51 usiku)

Pole kijana. Hiyo kitu ilinisumbua sana enzi za 5.6 na 7. Subiri, kuna shangazi mmoja humu anakaa Igoma, akiamka atakumalizia.

---

Kontena_Nyegezi (Jumatatu, saa 5:03 usiku)

Mkuu, dawa ni moja: Docker, inayofungia kila mfumo kwenye boksi lake (kontena). `php:7.4-apache` kwa mzani, `php:8.2-apache` kwa ghala, kila mmoja kwenye kontena lake, hawajuani. Habari ya kubadilisha matoleo kwa mkono ni ya kizamani.

---

Shangazi_Igoma (Jumanne, saa 11:40 alfajiri)

Mzee wa Pasiansi, nimeamka, na sijanywa hata chai.

Dogo, mashine yako haina ugonjwa wowote. Unachodhani ni PHP moja inayojigeuza ni PHP mbili tofauti, na wewe umebadilisha moja tu. `update-alternatives` kazi yake ni ndogo mno: `/usr/bin/php` ni kiungo kinachoelekeza `/etc/alternatives/php`, nacho kinaelekeza `php7.4` au `php8.2`. Ulichokibadilisha ni hicho kiungo. Hakiki mwenyewe:

    readlink -f $(which php)

Kiungo hicho kinawahusu wanaoandika neno `php` kwenye terminali. Apache haiandiki neno `php` popote. Yenyewe imeibeba PHP tumboni kama moduli, faili la `libphp7.4.so`, na itaendelea nayo hata ukizungusha viungo mpaka kesho. Ulipoweka 8.2, apt (kisakinishi cha Ubuntu) ilikwambia kabisa, kwenye ile mistari inayopita mbio, kwamba moduli ya 7.4 tayari imewashwa kwa hiyo ya 8.2 haiwashi. Mistari ile hakuna anayeisoma, najua.

Na tumbo la Apache linabeba moduli moja ya PHP kwa wakati. Ndiyo maana jamaa yako alikwambia uzime hii uwashe ile. Hakukudanganya, ila alikupa njia ya mtu mwenye mfumo mmoja anayehama. Wewe una mifumo miwili inayotakiwa kuishi pamoja. Skripti unayoiomba sikupi, maana ukishakuwa nayo utaendelea na mchezo huu wa jioni na asubuhi mpaka mjomba akufukuze.

Acha kubadilisha. Toa PHP ndani ya Apache kabisa, iendeshe pembeni kwa FPM, huduma ya PHP inayojitegemea. Kila toleo linakuwa na huduma yake na soketi yake (njia ya mawasiliano ndani ya mashine) chini ya `/run/php/`, na Apache kazi yake inabaki kupeleka ombi kwenye soketi husika. Ni kama ofisi yenye makarani wawili, kila mmoja na dirisha lake: mteja wa mzani haulizwi chochote na karani wa ghala.

    sudo apt install php7.4-fpm php8.2-fpm
    sudo a2dismod php7.4 php8.2
    sudo a2dismod mpm_prefork
    sudo a2enmod mpm_event proxy_fcgi setenvif rewrite

Utaona apt inakushauri ufanye `a2enconf php8.2-fpm`. Usiifanye. Hiyo inaweka 8.2 kwa tovuti zote za mashine, na sisi tunataka kila tovuti iseme yake.

Sasa mafaili ya tovuti. Mwingine atakwambia utumie majina, `mzani.test` na `ghala.test`, uyaandike kwenye `/etc/hosts`. Kwa laptopu yako mwenyewe ni sawa kabisa, na hiyo `.test` imetengwa rasmi kwa majaribio tangu 1999, haitagongana na tovuti ya mtu. (Usitumie `.dev`. Hiyo ni ya Google na Chrome itakulazimisha https.) Lakini hapo ofisini watu wanaingia kwa namba ya IP, na simu ya mjomba huwezi kuihariri faili la hosts. Tumia milango (port), yaani namba inayofuata baada ya IP. Mzani ubaki 80 pale pale walipouzoea, ghala lipewe 8081. Ongeza mstari wa `Listen 8081` kwenye `/etc/apache2/ports.conf`, kisha:

    <VirtualHost *:80>
        DocumentRoot /var/www/mzani
        <Directory /var/www/mzani>
            AllowOverride All
        </Directory>
        <FilesMatch \.php$>
            SetHandler "proxy:unix:/run/php/php7.4-fpm.sock|fcgi://localhost"
        </FilesMatch>
    </VirtualHost>

La ghala ni hilo hilo, ila `*:8081`, folda iwe `/var/www/ghala/public` (ile ya public, usiweke mzizi wa mradi wote ukaanika faili la `.env` lenye nywila hadharani), na soketi iwe ya `php8.2-fpm.sock`. Halafu:

    sudo apachectl configtest
    sudo systemctl restart apache2

Kama mradi umeuweka kwenye folda yako ya nyumbani utapata 403 (umekatazwa kuingia). Tangu Ubuntu 21.04 folda ya nyumbani imefungwa kwa watumiaji wengine, na Apache, sawa na PHP ya FPM, inatembea kama `www-data`. Hamishia `/var/www`, usianze kugawa chmod 777 (ruhusa zote kwa kila mtu) kama njugu.

Kabla hujafunga mashine jioni, fanya hili, ni muhimu kuliko yote niliyoandika hapo juu (`diff` inaonyesha mafaili mawili yanapotofautiana):

    diff /etc/php/7.4/apache2/php.ini /etc/php/7.4/fpm/php.ini

PHP ya ndani ya Apache ilikuwa inasoma `php.ini` yake, faili la mipangilio. Ya FPM inasoma nyingine. Ya terminali inasoma ya tatu, `/etc/php/7.4/cli/php.ini`. Chochote ambacho aliyekutangulia alikirekebisha kwenye ile ya kwanza hakitakufuata mpaka ukibebe mwenyewe. Niletee hapa `diff` inasema nini.

---

Kontena_Nyegezi (Jumanne, saa 2:15 asubuhi)

Heshima yako shangazi, lakini hayo yote kwa Docker ni faili moja tu la compose. Na siku akihamia kwenye seva ya kukodi anabeba kama kilivyo.

---

Shangazi_Igoma (Jumanne, saa 2:32 asubuhi)

Siku akihamia seva ya kukodi nitakuunga mkono, mwanangu. Leo ana 4GB, humo humo kuna MySQL, na karani kafungua Chrome. Taswira hizo mbili za Docker (mafaili ya kuundia kontena) ni mamia ya megabaiti kila moja, na bando atanunua nani? Hata akizileta kwa flashi kwa `docker save` na `docker load`, bado itabidi umfundishe kijana kitu kizima kipya wakati tatizo lake ni mistari mitatu ya FilesMatch.

Na ukishaweka mzani kwenye kontena ndiyo umeugusa. Mjomba kasema usiguswe.

---

Mwana_Sengerema (Jumanne, saa 4:05 asubuhi)

Samahani kudandia uzi wa mtu. Mimi niko Windows na XAMPP (kifurushi cha Apache, PHP na kanzidata), shida ni hiyo hiyo. Nabadilisha jina la folda `C:\xampp\php` kila mara. Kuna njia ya kistaarabu?

---

Mzee_Pasiansi (Jumanne, saa 4:18 asubuhi)

Hamia Laragon, kifurushi kingine cha aina hiyo, mwanangu. Unafungua zipu ya kila toleo ndani ya folda yake ya `bin\php`, halafu unachagua toleo kwenye menyu. Ukipakua zipu za Windows chukua zilizoandikwa Thread Safe, zile nyingine hazina moduli ya Apache utazunguka bure. Na ufunge terminali uifungue upya ukishabadilisha, maana iliyo wazi inabaki na PATH (orodha ya folda za kutafutia amri) ya zamani.

---

Dogo_Buswelu (Jumanne, saa 3:47 usiku)

Shangazi, shikamoo. Nimefuata kama ulivyosema, neno kwa neno.

Ghala linafunguka kwenye 8081! Nimeweka ukurasa wa `phpinfo()`, unaoonyesha toleo na mipangilio ya PHP, kila upande. Kule inasema 8.2, huku 7.4.33, na kwenye Server API zote zinasema FPM/FastCGI. Sijawahi kuziona mbili kwa pamoja.

Ila mzani unanipa 500 Internal Server Error. Ukurasa wa kwanza tu, hauendi popote.

Na diff imetoa hivi, nimekata mistari mingine:

    < date.timezone = Africa/Dar_es_Salaam
    > ;date.timezone =
    < upload_max_filesize = 20M
    > upload_max_filesize = 2M
    < post_max_size = 25M
    > post_max_size = 8M

Hiyo ya upload nimeielewa, kuna mahali karani anapandisha picha za hati za mizigo. Ya timezone nayo ina umuhimu wowote?

---

Mhasibu_Bukoba (Jumanne, saa 4:02 usiku)

Kijana, hiyo ya timezone usiilalie hata usiku mmoja! Mimi siandiki programu, mimi ni wa vitabu vya hesabu, ila hili nimelikuta kwenye ofisi mbili tofauti.

Isipowekwa, PHP kwa kawaida inahesabu kwa UTC, saa ya kimataifa, na sisi tuko mbele kwa saa tatu. Gari lililopakiwa saa nane usiku wa kuamkia Jumatano, risiti itaandikwa Jumanne saa tano usiku, yaani 23:00. Mzigo unahamia siku nyingine! Ukifunga mahesabu ya Jumanne asubuhi ya Jumatano, umepata kilo ambazo Jumanne hazikuwepo, na Jumatano imepungua kwa kiasi hicho hicho. Ikitokea usiku wa mwisho wa mwezi ndiyo balaa, maana mauzo yanaingia mwezi usio wake na makaratasi ya kodi yanafuata humo humo. Na hakuna kinacholalamika. Mfumo unafanya kazi vizuri tu, jumla kuu inakubali, ni siku peke yake zinazodanganya. Watu watashukiana wizi ghalani na mwizi ni mstari mmoja wa php.ini.

Na wakati mwingi wa mwaka mzigo wenu wa dagaa unategemea giza la mwezi, watu wanafanya kazi usiku. Ofisi ya saa mbili hadi saa kumi isingeona tofauti kirahisi. Ninyi mtaiona.

---

Shangazi_Igoma (Jumanne, saa 4:30 usiku)

Marahaba mwanangu. Mhasibu kamaliza, sina cha kuongeza ila mahali pa kuandika. Kwa mzani, rudisha mistari yote mitatu kwenye `/etc/php/7.4/fpm/php.ini` kisha `sudo systemctl restart php7.4-fpm`. Kuwasha upya Apache peke yake sasa hakusaidii kitu, PHP haimo tena humo.

Kwa ghala ni tofauti kidogo. Laravel inajiwekea saa yake yenyewe kutoka `config/app.php`, na imekuja na UTC. Hata ukiandika Dar es Salaam kwenye php.ini ya 8.2 itakupuuza. Badilisha huko huko kwenye config, mapema, kabla data ya kweli haijaanza kuingia.

Sasa hiyo 500. Nakuwekea dau: fungua `.htaccess` ya mzani (faili la maagizo kwa Apache), utakuta mstari unaoanza na `php_value` au `php_flag`. Amri hizo ni za moduli. Moduli ikiondoka, Apache haizijui na inagoma ukurasa mzima. Hakikisha kwenye `/var/log/apache2/error.log`.

Zitoe humo, ziweke kwenye faili jipya linaloitwa `.user.ini` ndani ya folda hiyo hiyo. Kama ilikuwa `php_value max_execution_time 120`, huko inakuwa `max_execution_time = 120`. FPM inalisoma faili hilo yenyewe, ila inalikumbuka kwa sekunde 300. Kwa hiyo ukihariri na usione mabadiliko, usianze kutukana. Subiri dakika tano, au washa upya FPM.

---

Dogo_Buswelu (Jumanne, saa 4:58 usiku)

Dau umeshinda. Ilikuwa mistari miwili ya php_value. Nimehamisha, mzani umefunguka, na risiti ya majaribio imetoka na saa sahihi. Wabeja sana shangazi, na mhasibu wa Bukoba pia.

Swali moja tu la mwisho. Kwa kuwa sasa najua njia, si ningejitahidi tu nihamishie mzani nao kwenye 8.2 tuondokane na 7.4? Ile `each()` naona ni rahisi kuibadilisha kwa foreach. Nasikia 7.4 haitengenezwi tena.

---

Shangazi_Igoma (Jumatano, saa 11:52 alfajiri)

Umesikia sawa. Msaada wa usalama wa 7.4 kutoka kwa wenye PHP uliisha Novemba 2022. Ndiyo maana mashine hiyo isionekane nje ya Wi-Fi ya ofisi, hata siku mjomba akisema anataka kuangalia mzani akiwa safarini Dar. Kuhama inabidi uhame. Ila usidhani `each()` ndiyo kazi. `each()` ni adui mwema: anapiga kelele, unamwona, unamtoa. Wanaotisha ni wale wanaokaa kimya.

Nakupa mmoja. Tafuta kwenye mzani sehemu inayotengeneza orodha ya wadaiwa. Kwa mifumo ya aina hiyo naweza kubuni ilivyoandikwa:

    if ($safu['deni'] == 0) {
        continue;
    }

Asiye na deni anarukwa. Sasa, safu ya deni kwenye kanzidata wengi waliiweka VARCHAR (maandishi, si namba), na karani akiacha wazi inahifadhiwa kamba tupu (maandishi yasiyo na herufi), `""`. Kwenye 7.4 kamba tupu ikilinganishwa na 0 kwa alama mbili za usawa, jibu ni kweli. Mteja anarukwa, kila mtu anafurahi. Kuanzia 8.0 walibadilisha sheria: `"" == 0` si kweli tena. Hakuna hitilafu, hakuna onyo, ukurasa unafunguka vizuri. Ila kila mteja ambaye sehemu yake ya deni iliachwa wazi ameingia kwenye orodha ya wadaiwa. Jaribu mwenyewe sasa hivi, una zote mbili:

    php7.4 -r 'var_dump("" == 0);'
    php8.2 -r 'var_dump("" == 0);'

Hapo ndipo utamu wa kuwa na matoleo mawili yaliyokaa vizuri. Nakili mzani mzima uwe `/var/www/mzani-mpya`, nakili na kanzidata yake, upe mlango 8082 na soketi ya 8.2. Ule wa kweli unaendelea na 7.4 kwenye 80. Chukua orodha ya wadaiwa ya mwezi uliopita kutoka pande zote mbili, ziweke kwenye mafaili, piga `diff`. Fanya hivyo kwa kila ripoti anayoitumia mjomba. Zikilingana zote, hapo ndipo unabadilisha neno moja kwenye FilesMatch, 7.4 kuwa 8.2, na lolote likitokea unalirudisha. Ukubali kwamba itachukua muda. Hiyo kazi ulipwe, usiifanye kwa kuwa ni ya ndugu.

Na terminali usiisahau. Siku hizi mimi siandiki `php` tupu kwenye mashine yenye zaidi ya moja. Naandika namba:

    php8.2 artisan migrate
    php8.2 $(which composer) install

Hasa kwenye cron, ratiba ya kazi zinazojiendesha. Kama mzani una skripti ya usiku ya kutuma SMS za madeni au kuhifadhi nakala, angalia `crontab -l` na ile ya root pia. Ikiwa imeandikwa `php` tu, tangu siku ulipogusa update-alternatives imekuwa ikiendeshwa na 8.2 na wewe hujui. Iandike `/usr/bin/php7.4`.

---

Dogo_Buswelu (Jumatano, saa 1:20 asubuhi)

Nimeangalia kwa root. Ipo ya nakala ya kanzidata, imeandikwa `php`. Faili la mwisho ni la siku moja kabla sijaweka 8.2.

Nimeshaandika 7.4 na nimeiendesha kwa mkono, nakala imetoka. Nazikagua zilizobaki sasa hivi kabla karani hajajaza foleni.

---

Mzee_Pasiansi (Jumatano, saa 1:41 asubuhi)

Si nilikwambia usubiri aamke.

---

Takwimu_Ilemela (Jumatano, saa 6:10 mchana)

Shangazi na mimi nipo, lakini upande wa Python. Ubuntu 22.04 imekuja na 3.10, nimeongeza 3.12 kutoka hazina ya deadsnakes. Je, nitumie update-alternatives niifanye `python3` iwe 3.12 kama alivyofanya Dogo kwa php?

---

Shangazi_Igoma (Jumatano, saa 7:02 mchana)

Usithubutu, dada yangu. PHP ukiiharibu imekufa tovuti. `python3` ya Ubuntu ni ya mfumo wenyewe. Vifaa vya apt vimeunganishwa na 3.10 moja kwa moja, ukibadilisha vitaanza kulia kwamba havioni `apt_pkg`. Na terminali ya GNOME huanzishwa na skripti ya Python, kwa hiyo unaweza kubonyeza ikoni na isifunguke kabisa, ukakosa hata pa kuandikia amri ya kurekebisha. Kama kuna anayesoma hapa na tayari yamemkuta: Ctrl+Alt+F3, ingia kwa jina lako, kisha

    sudo update-alternatives --set python3 /usr/bin/python3.10

Wewe iache 3.10 ilipo. Weka `python3.12-venv`, na kila mradi uwe na venv yake, yaani Python yake peke yake:

    python3.12 -m venv .venv
    source .venv/bin/activate

Ndani ya hapo ukiandika `python` ni 3.12, pip (kisakinishi cha Python) inaweka vitu vyake humo humo, na ukiandika `deactivate` umetoka. Folda ya `.venv` usiinakili kwenda mashine nyingine, ina njia za mashine yako ndani yake. Nakili `requirements.txt` (orodha ya vifurushi), uitengeneze upya huko.